Wanja ni Urembo, Kilo 118 ni Ugonjwa

Urembo ni wanja, hina na kucha za bandia. Sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito, kwa mama mwenye kilo 118, urefu wa sentimita 165, presha juu na magoti yanayogoma kupanda kilima cha Bugando, hiyo si urembo. Lakini majibu ya bima binafsi ndiyo hayo siku zote: mistari miwili, muhuri, "huduma za urembo hazilipwi." BMI ya huyo mama, yaani kilo zake ukizigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 43. Aliyepiga muhuri hakujisumbua kugawanya.

Na kadi hiyohiyo, subiri sukari ipande, italipa metfomini. Subiri figo zishindwe, itaanza kujadili kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Yaani haribika kwanza, ndipo tukuhudumie. Ukitaka kuzuia mapema, basi wewe unatafuta umbo.

Tatizo linaanzia pia mtaani kwetu, tusijifanye. Huku Kanda ya Ziwa ukinenepa unaambiwa mambo yako safi, ukikonda unaulizwa kwa sauti ya chini unaumwa nini. Ofisa wa bima naye kalelewa humuhumu.

Bima ya taifa niiweke kando: inalipa kilichomo kwenye orodha yake, na kisichomo hakitoki hata daktari aandike kwa wino wa dhahabu. Kelele za huko ziwafuate wanaopanga orodha. Wakumbushwe kwamba Septemba 2025 WHO iliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari aina ya pili pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo.

Kwenye bima binafsi, vita ni vya karatasi. Fungua mkataba kwenye ukurasa wa visivyolipiwa. Kama umeandika wazi "unene" au "kudhibiti uzito", usipoteze nauli ya daladala, subiri mwajiri akihuisha mkataba ndipo mdai kipengele kibadilishwe. Kama umeandika "urembo" tu, una kesi.

Sasa fomu. Fomu iliyoandikwa "uzito mkubwa, Ozempic" inakataliwa kabla chai haijapoa, na kwa haki. Ozempic, jina la kibiashara la semaglutaidi, ilisajiliwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari aina ya pili. Wegovy, dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi, ndiyo iliyopitishwa 2021 kwa uzito. Daktari aandike uzito, urefu, BMI, kiuno, presha ya siku mbili tofauti, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu. Aandike msimbo wa ugonjwa: E66 ni wa unene, na pembeni yake I10 kama kuna presha. Kigezo cha Wegovy ni BMI 30 kwenda juu, au 27 ikiwa kuna ugonjwa unaoambatana. Aandike pia kilichojaribiwa, miezi mingapi, na kilo ngapi zilipungua. "Ameshauriwa lishe" si ushahidi.

Wapo wanaomwomba daktari aandike E11, msimbo wa kisukari aina ya pili, wakati sukari yao ni safi. Huo ni udanganyifu wa bima, na hicho kisukari cha uongo kitakaa kwenye faili lako hata siku utakapoomba bima ya maisha.

Ombeni bima itoe kibali cha miezi sita, si cha mwezi mmoja. Hapa ndipo wengi wanaumia. Wegovy inaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, wiki nne, kisha 0.5, 1, 1.7, kila hatua wiki nne, na 2.4 inafikiwa wiki ya 17. Ukipewa mwezi mmoja, kibali kinakwisha ukiwa bado kwenye dozi ya kuuzoesha mwili, halafu mtu anaandika "haijaonyesha matokeo." Kibali kipya kikichelewa ukakosa sindano mbili mfululizo, daktari anaweza kulazimika kukurudisha mwanzo.

Haya, dawa ni ghali, na ukiacha, kilo nyingi hurudi. Hofu ya bima ina msingi. Lakini dawa za presha nazo ukiacha presha inarudi, na hakuna aliyeziita urembo.

Anayekataliwa huishia kwenye kalamu za sindano za mtandaoni, zinazotoka Dar kwenye buti la basi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika inakaa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja inatupwa. Buti la basi halina friji.

Ukikataliwa, dai jibu la maandishi lenye namba ya kipengele. Andika rufaa kwa kampuni yenyewe kwanza, kisha TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kila barua peleka nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Bila huo muhuri, watakuambia hawajawahi kukuona.