Kidonda cha sukari: daftari litoshe au kiingie kwenye kompyuta?

Mama mkubwa ana sukari, mwaka jana akatoka kidonda kwenye unyayo na mi ndo nilikuwa nampeleka dresingi. Tulikuwa na daftari lake limelainika kwa kushikwa, humo ndani kila nesi kaandika yaleyale, "kidonda kisafi, kinaendelea vizuri". Wiki 5 zote kinaendelea vizuri, alafu daktari mmoja akauliza siku ya kwanza kilikuwa na ukubwa gani, tukabaki tunaangaliana.

Ndo maana naungana na wanaotaka kumbukumbu za vidonda ziingie kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali, kwa vipimo na picha. Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa sukari kinatakiwa kipungue kama nusu ya eneo lake ndani ya wiki 4, kisipopungua hivyo daktari aanze kujiuliza mapema, damu inafika mguuni? mfupa umeingiliwa na wadudu? mgonjwa bado anakanyagia palepale? Sasa nusu ya nini kama hakuna aliyepima!

Ila wanaopinga nawaelewa, na wengi wao ni manesi wenyewe. Nesi yuko peke yake, foleni imejaa benchi mpaka mlangoni, kavaa glavu kashika kidonda, avue aende kwenye kompyuta alafu arudi avae nyingine, na glavu zenyewe za kuhesabu. Umeme ukikatika anaandika kwenye karatasi, jioni ndo anaingiza. Akichoka atakopi maneno ya juzi, na hapo "kinaendelea vizuri" inajirudia haraka kuliko hata kwenye daftari. Picha nazo zinapigwa kwa simu ya mtu binafsi zinaishia WhatsApp, wakati sheria yetu ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 inahesabu mambo ya afya kuwa taarifa nyeti.

Mi naona mfumo uje, ila uwe na sehemu ya kujaza urefu, upana, kina na usaha, sio kiboksi kimoja cha maelezo, na namba hizohizo ziandikwe pia kwenye daftari la mgonjwa maana kesho atafungwa kidonda zahanati nyingine isiyoona kompyuta ya jana.

Daktari yule aliweka rula ya karatasi pembeni ya kidonda akasoma sm 4 kwa 3, mama mkubwa akamwambia mwanangu andika kwa maandishi makubwa nami nione. Akabadilishiwa kiatu, akakatazwa kukanyagia ule unyayo. Wiki 4 baadaye ikasomwa 3 kwa 2, nikapiga hesabu palepale benchi, 12 imekuwa 6.