Ruta ya Chikongola

Ijumaa moja jioni, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, nilichukua ruta yangu kuukuu, kifaa cha kugawa intaneti, kutoka nyumbani Chikongola, Mtwara, nikaipeleka ofisini Shangani, kwa kuwa matundu ya waya katika chumba cha makarani yalikuwa yamekwisha na ombi langu la kununuliwa swichi, yaani kifaa cha kuongeza matundu ya mtandao, lilikuwa limelala mezani kwa meneja tangu Ramadhani. Tundu lake la kupokea intaneti liliungua kwa radi zamani, kwa hiyo waya wa ofisi niliuchomeka katika mojawapo ya matundu mengine. Taa za kijani zikawaka, nikajipongeza, nikaenda Mikindani kula pweza.

Jumatatu asubuhi ofisi nzima haikuwa na intaneti, isipokuwa bibi mhasibu, ambaye hazimi kompyuta yake hata siku za mapumziko, na ambaye alitueleza kwa utulivu kuwa yeye huanza kazi kwa Bismillahi.

Fundi wa mtandao pale ni mimi. Nililaumu mvua, nikalaumu mkongo wa intaneti, nikampigia simu mtoa huduma mara tatu kwa sauti ya ukali, huku stakabadhi za ghala zikirundikana mezani. Saa tano ndipo nilipoitazama anwani ya kompyuta moja, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni: badala ya kuanza na 10, kama zote za ofisini, ilianza na 192.168.1. Jasho likanitoka.

Kompyuta inayowashwa bila anwani haijui seva ya kugawa anwani iko wapi. Hujiandika 0.0.0.0 na kupiga mbiu kwa 255.255.255.255, yaani kwa kila aliyemo katika mtandao ule, na kwa kawaida humkubali anayejibu kwanza bila kumuuliza katokea wapi. Seva halali ilijibu pia, lakini ikakuta mgeni keshapokelewa na ruta yangu, ambayo ilikuwa ikigawa anwani kwa ukarimu mkubwa na kumwelekeza kila mtu apitie kwake, ilhali yenyewe haikuwa na njia ya kwenda popote. Bibi mhasibu alinusurika kwa sababu anwani hizi ni za kupanga, na mpangaji ambaye muda wake haujakwisha huomba nyongeza kwa mwenye nyumba yule yule, hapigi mbiu upya. Utaratibu huu, DHCP, umekuwapo tangu 1993, kwa hiyo sikuwa na udhuru.

Nilikuwa bado nawaza namna ya kuichomoa kimyakimya meneja aliposimama nyuma yangu. Ili nionekane nachapa kazi, nikafungua 192.168.1.1. Ukurasa ukadai nywila. Nikaandika ya nyumbani kwangu kwa mazoea tu, ukafunguka. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina nililoipa mwenyewe: NYUMBANI CHIKONGOLA USIIBE BANDO.

Meneja alivaa miwani, akalisoma taratibu kama asomaye hati ya kiwanja.

"Kijana," akasema, "ofisi hii imehamia kwako lini?"

Bibi mhasibu alicheka bila kuinua macho, akaendelea kutuma barua pepe zake.