Sukari: tuhesabu kwanza, kisha tuambiane tunamtetea nani

Nikiongea na ndugu zangu wa Kisumu kuhusu sukari, hatuelewani hata kidogo. Mmoja anasema sukari ya nje inaua magharibi ya Kenya. Mwingine anajibu kwamba soko huria ndilo sahihi, na kwamba huku Ujerumani ninakoishi ndivyo wanavyofanya.

Hilo la Ujerumani linaweza kukaguliwa, na si kweli. Tangu 1968 hadi Septemba 2017, wakulima wa viazisukari wa Ulaya walilindwa kwa mgao wa uzalishaji. Hata leo sukari inayoingia bila mkataba maalumu hutozwa ushuru mzito.

Yako mengine ya kukaguliwa. Kenya haizalishi sukari ya kuitosha. Kuitengeneza kwetu ni ghali kuliko Malawi au Zambia, ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 20 tuliiomba Comesa, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ituruhusu kuweka kikomo kwa sukari isiyolipiwa ushuru. Ukizuia ya bei nafuu, mama anayenunua robo kilo Nyalenda, mtaa wa Kisumu, analipa zaidi.

Sasa, kati ya mama huyo na mkulima wa Muhoroni aliyepeleka miwa kiwandani na kungoja malipo mwezi baada ya mwezi, nani atangulizwe? Hapo takwimu zimefika mwisho. Mtaalamu anayesema "soko lina ufanisi, basi tufungue mipaka" ameshaamua kwamba bei nafuu ni muhimu kuliko mkulima, ila uamuzi wake ameuvika joho la sayansi. Hili linanikera kuliko ubishi wowote wa ndugu zangu.

Mfano mwingine: kabla Ujerumani haijaanza kima cha chini cha mshahara, euro 8.50 kwa saa, Januari 2015, wachumi kadhaa walitabiri kwamba ajira nyingi mno zingepotea. Watafiti wakafuatilia, na janga lile halikuonekana. Swali hilo likajibiwa. Lakini msafishaji wa ofisi anastahili kiasi gani? Bado wanabishana kila mwaka, na ni haki yao.

Mimi nasema mkulima wa miwa alindwe, kwa muda wenye tarehe ya mwisho, na alipwe mapema. Najua gharama yake itamwangukia mama wa Nyalenda, si mimi niliye mbali. Akinipinga kwa sababu hiyo, nitamsikiliza. Ila anayedai kwamba ulinzi haupandishi bei, huyo alete hesabu.