Mikono ya Mtaalamu Haitoshi kwa Kifundo Kinachoteguka Kila Mara

Aliyeteguka kifundo cha mguu mara moja huikumbuka siku yenyewe, lakini aliyeteguka mara nyingi hupoteza hesabu, kwa sababu mguu humgeuka hata anaposhuka ukingo wa barabara. Mimi ni wa kundi hili la pili. Nilianzia kwenye mpira wa mchangani, nikachuliwa kwa mafuta ya nazi ya moto na mzee mmoja wa mtaani aliyenihakikishia kwamba mfupa umerudi mahali pake, na kabla ya wiki mbili kwisha nilikuwa uwanjani tena. Simlaumu sana, kwani maumivu yalipungua kweli. Ila mfupa haukuwa umetoka, na kilichoharibika hakikuguswa.

Mguu unapopinda kwa ndani, ligamenti (utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa) ya mbele iliyo upande wa nje wa kifundo ndiyo huumia mara nyingi zaidi. Mwaka 1965, daktari Freeman na wenzake wa London walitoa hoja kwamba ajali hiyo huathiri pia vipokezi vya neva vinavyouarifu mwili jinsi mguu ulivyokaa, na kwa ajili hiyo wakapendekeza mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba. Hoja hiyo imerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini mtu yeyote mwenye kifundo cha namna hii anaijua kwa mwili wake: mguu hugeuka kwanza, habari humfikia baadaye.

Tiba ya mikono ina nafasi yake hapa, nami siidharau. Wengi wetu kifundo hukakamaa, goti likashindwa kwenda mbele huku kisigino kikiwa kimegusa sakafu. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia alinisimamisha mbele ya ukuta, akanitaka niuguse kwa goti bila kunyanyua kisigino, kisha akapima kwa rula umbali wa kidole gumba kutoka ukutani: mguu mzima sentimita 11, mbovu 5. Baadaye alizungusha mkanda nyuma ya mguu wangu, juu kidogo ya kifundo, akauvuta kwa nyonga yake huku kiganja chake kikiuzuia kwa mbele mfupa wa talasi, ule wa kifundo ulio chini ya muundi, nami nikipeleka goti mbele taratibu. Mbinu hiyo inatokana na kazi ya Brian Mulligan wa New Zealand, na sharti lake ni kwamba isiume. Tulipopima tena, rula ilisoma 7.

Hapo ndipo wagonjwa wengi, na baadhi ya watoa huduma pia, hukosea. Sentimita mbili zilizopatikana kliniki huwafanya waamini kwamba kilichobaki ni kurudi wiki ijayo kushikwa tena, na hivyo tiba inageuka kuwa usajili wa kudumu. Tafiti zinaonyesha kwamba kukichezesha kiungo kwa mikono huongeza mkunjo wa kifundo na wakati mwingine uwezo wa kujimudu kwa mguu mmoja, lakini nafuu hiyo huwa ndogo na si ya kutegemewa peke yake. Misuli ya pembeni mwa mguu haipati nguvu kwa kushikwa. (Mguu uliojeruhiwa leo, ambao hauwezi kubeba uzito hata hatua 4, upelekwe kupigwa picha ya eksirei kwanza, si kuchuliwa.)

Kwa maoni yangu, kila kipindi cha tiba ya mikono kingepaswa kufuatwa papo hapo na zoezi linalotumia nafasi iliyofunguliwa: kunyanyua visigino, kuvuta utepe wa mpira kwa upande wa nje wa unyayo, kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuruka na kutua. Mgonjwa anayetoka kliniki bila kazi ya kufanya nyumbani ana haki ya kuuliza amelipia nini. Yangu ilikuwa kupiga mswaki nikisimama kwa mguu mbovu, asubuhi na usiku. Wiki ya kwanza nilishika sinki. Wiki ya tano mke wangu alinikuta nimefumba macho, povu mdomoni, mkono mmoja tu ukielea hewani.