Hongo ya Ugogo

Wengine jimu wanaikimbia kwa uvivu. Mimi nilikuwa nakimbia kioo. Jimu ya mtaani kwetu, Area D, ina kioo ukuta mzima, na kila jioni mbele yake wanajipanga vijana waliotuna hadi shingo hazionekani. Mimi tangu ofisi ihamie Dodoma, kitambi kimepanda cheo haraka kuliko mwenyewe. Daktari aliponipima presha akaguna, akasema mazoezi. Nikalipa ada ya mwezi. Kila jioni nikawa nafika mlangoni, nachungulia, naweka simu sikioni kama nimepigiwa na mkurugenzi, kisha miguu inanipeleka yenyewe kwa muuza chipsi mayai.

Nikapata wazo: niende alfajiri. Saa kumi na moja, Dodoma ya mwezi wa saba, na upepo ule unaotafuta mifupa, nani atatoka kitandani aje kunitazama?

Mlango nilifunguliwa na mama wa usafi, akaenda zake vyooni na ndoo. Ukumbi mzima wangu. Nikalala kwenye benchi la kifua, baada ya kuvika pleti ya kilo 15 huku na ya kilo 15 kule, na kuzikaza kwa vibano. Usalama kwanza. Thelathini, nikahesabu. Mimi Mnyamwezi bwana. Mababu zetu walibeba mizigo ya kilo 30 na ushee kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakaivuka Ugogo hii hii kwa miguu. Nishindwe na thelathini nikiwa nimelala?

Ila mababu hawakuwahi kubeba chuma kile kirefu, ambacho hata kabla hujakivika kitu, chenyewe ni kilo 20.

Mwanzo kilipanda. Kisha kikapanda kwa kujadiliana. Kisha kikashuka, kikatua kifuani na kukataa kuondoka. Kukiinamisha upande pleti zidondoke haikuwezekana, vibano nilivikaza kwa mikono yangu. Nikajaribu kukiviringisha kuelekea kiunoni nijinasue. Kikafika kwenye kitambi, kikashindwa mlima, kikarudi.

Ndipo mama akaingia na deki.

"Shikamoo mama," nikasema kwa pumzi iliyobaki.

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na baridi hii!"

"Acha tu, mama."

Sasa, mtu mzima humrukii na shida kabla ya salamu, na salamu ilipoisha nilikuwa nimeshatangaza kuwa mimi ni mzima wa afya. Akanitazama kidogo. "Mbona hilo zoezi lako halisogei?"

"Napumzika, mama."

"Haya. Inua miguu nipitishe deki."

Nikainua. Akadeki chini yangu, akadeki na pembeni, hakuacha kona. Akabeba ndoo, akafika mlangoni, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa.

"Mama!"

"Abee?"

"Sipumziki."

Akaja akashika ncha moja, akavuta, chuma kikahamia karibu na koo. Akakiachia, akatoka nje mbio kuelekea kijiwe cha bajaji. Nikasikia sauti yake, na nadhani Area D nzima ilisikia: "Jamani njooni! Kuna baba humu kalaliwa na reli!"

Walikuja wote. Makoti, kofia za sufu, mmoja na chapati mkononi ambayo hakuiweka chini hata wakati wa kuninyanyulia. Nilikuwa nimekimbia kutazamwa na vijana wachache, nikapata kijiwe kizima, na wote walikuwa wamevaa vizuri kunizidi.

"Pole kaka. Mtu wa wapi?" akauliza wa chapati.

Swali hilo nililiogopa kuliko chuma. "Tabora," nikasema.

Ukumbi ukalipuka. "Mnyamwezi! Mpagazi kaangushwa na mzigo!" Watani zangu Wagogo hawakuwa na haraka ya abiria tena. Mzee mmoja akanyamazisha wenzake, akanikumbusha kwamba misafara ya babu zangu haikuvuka Ugogo bure. Watemi wao walitoza hongo, nguo na shanga, ndipo ukapita na kunywa maji. "Na wewe umelala nchini kwetu tangu alfajiri."

Nikalipa hongo: chai na chapati, kijiwe kizima, na mama wa usafi juu yake.

Jioni nilirudi, kwa kuwa hakukuwa na aibu iliyobaki ya kutunza. Habari ilishafika. Aliyetuna kuliko wote akanifuata, nikajiandaa kuchekwa. Akanong'ona, "Kaka, hata mimi chuma kilinikaba, kwenye benchi hilo hilo." Akanielekeza: anza na chuma kitupu, na mtu asimame kichwani pako. Ukiwa peke yako usifunge vibano, chuma kikikushinda unakiinamisha pleti zimwagike.

Sasa naenda jioni na wenzangu. Kilo 50 bado sijazigusa tena. Mama wa usafi naye siku hizi akinikuta nimelala kwenye benchi hasubiri shikamoo yangu. Anauliza akiwa mlangoni: "Baba, unapumzika au unakufa?"