Wimbi la kiunoni nalo lina ubao wake

Kuna dhana iliyoshika mizizi miongoni mwa wapanda mawimbi, kwamba ubao wa mawimbi madogo ni wa watoto, wa wanaojifunza na wa wazee waliochoka. Mtu akishaiva, wanasema, atafute ubao mwembamba wenye ncha kali, kama ule wa mabingwa tunaowatazama wakishuka milima ya maji ya Hawaii na Tahiti. Naipinga dhana hii bila kumung'unya maneno. Siku nyingi za mwaka, karibu kila ufuo duniani, bahari haitoi milima. Inatoa wimbi la magotini au la kiunoni, linalokuja legelege na kuvunjika upesi. Kutengeneza ubao unaokimbia, unaokata kona na hata kuruka kwenye wimbi la namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kutengeneza wa wimbi kubwa, na fundi anayeiweza anastahili heshima zote.

Sababu iko ndani ya maji yenyewe. Wimbi likikaribia pwani, mwendo wake hutegemea kina. Lenye kimo cha mita 2 huvunjika kwenye kina cha takriban mita 2 na nusu, likiwa linakwenda kama mita 5 kwa sekunde. La nusu mita husogea mpaka kina kibaki sentimita 60 na kitu, na hapo mwendo wake ni kama mita 2 na nusu tu kwa sekunde. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini hasara imezidi nusu, kwa kuwa nguvu ya maji ya kuunyanyua ubao hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Ubao uleule, mtu yuleyule, unapata robo tu ya nguvu ile. Badala ya kuparaza juu ya maji kama boti ya mashine iliyokwisha kushika kasi, unazama na kuburuta, na wimbi linampita mtu akiwa bado anasukumasukuma miguu.

Hapo fundi anabanwa kila upande. Akipanua ubao upate eneo la kuelea, unakuwa mgumu kuugeuza. Akinyoosha tumbo la ubao, yaani upande wake wa chini, ili upate kasi, ncha inachoma maji pale wimbi linaposimama ghafla. Akiongeza unene, kingo zinagoma kuzama kwenye kona, na ubao usiozamisha ukingo hauna breki wala usukani. Mafundi wazuri wamepata njia ya katikati: ubao mfupi, mpana kuanzia mbele, tumbo karibu tambarare chini ya mguu wa mbele, kisha mkunjo wa kupanda juu unaongezeka chini ya mguu wa nyuma, mahali kona inapozaliwa. Unene unawekwa katikati, chini ya kifua, na kingo zinakondeshwa. Mkia unachanwa kama wa mbayuwayu: upana unabaki, lakini zinapatikana ncha mbili za kung'ata maji. Ukiniuliza mimi, mchano ule ni moja ya fikra bora kabisa katika ufundi huu wote.

Na haukubuniwa jana. Mnamo 1967, huko San Diego, Steve Lis alitengeneza ubao mfupi, mpana, wenye mkia uliochanwa na mapezi mawili, yaani vibao vidogo vya chini ya mkia vinavyoushikilia ubao majini. Aliukusudia kwa kupanda akiwa amepiga magoti, na waliosimama wima wakaona kasi yake wakautaka. Miaka ya 1970 Mark Richards wa Newcastle, Australia, aliliendeleza wazo la mapezi mawili kwa njia yake, na akawa bingwa wa dunia mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Tatizo la mapezi mawili lilijitokeza kwenye nguvu kubwa: mkia uliteleza. Simon Anderson wa Sydney, mtu wa umbo kubwa, aliongeza pezi la tatu katikati, na 1981 akashinda mashindano ya Bells Beach, Australia, kwenye mawimbi mazito. Tangu hapo mapezi matatu yakawa ndiyo kanuni.

Kosa lilikuja baadaye. Miaka ya 1990, kizazi cha Kelly Slater, aliyetwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia 1992 akiwa na umri wa miaka 20, kilipanda mbao nyembamba mno, zenye upana wa inchi 18 na mkunjo mkubwa. Kwa vipaji vile ilikuwa sawa. Lakini maduka yakajaa mbao za aina hiyo, na watu wa kawaida wenye kazi za ofisini na ufuo wenye mawimbi ya kiunoni wakazinunua, wakapoteza miaka mingi ya furaha. Wapo walioacha kabisa, wakiamini hawana kipaji. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mabingwa wenyewe hawana kiburi hicho. Wakienda kushindana Huntington Beach, California, ambako majira ya joto wimbi mara nyingi ni dogo na dhaifu, wanachomoa mbao fupi na pana. Mchezo huu ulipoingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, ulifanyika Tsurigasaki, Japani, Julai 2021, ufuo ambao hakuna aliyeuota kuwa Hawaii.

Na pwani yetu je? Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania ina mwamba wa matumbawe mbele yake, unaoyavunja nguvu mawimbi kabla hayajafika mchangani. Ghuba ya Malindi iko tofauti, kwa sababu Mto Sabaki unaleta maji yasiyo na chumvi na tope ambavyo matumbawe hayavipendi, hivyo wimbi linaingia hadi ufuoni. Kusi likivuma, hasa Julai na Agosti, kuna wimbi la kuchezea. Ni wimbi la upepo, lakini, lenye vurugu na lisilo na mgongo mrefu. Kumwona kijana mwenye wepesi wote wa mwili akihangaika juu yake na ubao mwembamba ulioachwa na mgeni, ubao uliotengenezwa kwa mawimbi ya Indonesia, kunanisononesha. Kijana hana kasoro. Ubao ndio uko bahari isiyo yake.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, ulaze ubao juu ya meza iliyonyooka, tumbo chini, uchutame utazame uwazi ulio chini ya ncha na chini ya mkia. Kama ngumi yako inapita kwa nafasi chini ya ncha, na tumbo linagusa meza mahali padogo tu katikati, urudishe. Wa mawimbi madogo utaegemea meza kwa sehemu ndefu. Kisha uliza ujazo wake kwa lita, maana ndio unaoonyesha utaelea kiasi gani. Bingwa wa kilo 75 anaweza kupanda ubao wa lita 26 hivi. Wewe wa uzito huohuo, unayeingia majini mwisho wa wiki, anzia 30 na usione haya kufika 35. Urefu wa futi 5 na inchi 6 au 7, upana usiopungua inchi 20.

Mimi ningeagiza wenye matundu matano ya mapezi. Siku maji yakiwa mafu na wimbi halina nguvu, weka mapezi manne, uondoe la katikati linaloburuta. Siku kusi likikaza, rudisha matatu. Na gharama ikibana, punguza kwenye rangi na michoro, usipunguze kwenye faibaglasi ya juu, kwa sababu visigino huibonyeza mapema na maji yakishaingia ndani, ubao unaongezeka uzito siku kwa siku.