"Finally" si rekodi za zamani tu

Kuna mwandishi anayedai albamu "Finally" (2017) ya mwimbaji wa Japani Namie Amuro ni rekodi za zamani tu zilizopakiwa upya kwenye CD 3. Sivyo. Kati ya nyimbo 52, nyingi za miaka ya 1990 aliziimba upya, na 6 ni mpya kabisa. Anayetaka ile sauti ya ujana, ambayo kwangu ina moto zaidi, atafute albamu yake "181920" ya 1998. Mtandaoni msihangaike, nyimbo zake ziliondolewa Novemba 2023. Mkiagiza toleo lenye DVD, angalieni alama ya kanda (eneo la dunia ambalo DVD imetengenezewa) nyuma ya kasha: DVD za Japani kwa kawaida ni kanda ya 2, Afrika Mashariki ni ya 5, na deki isiyofunguliwa kanda itaikataa. CD zinapiga popote. Nani amelinganisha wimbo "Body Feels Exit" wa albamu hizi mbili?